Mkondo wa chujio unalaza mimea upande mmoja na upande wa pili maji yametuama: nipunguze vipi?

Kijana wa Tudor

Assalaam alaykum ndugu zangu, na wakubwa wangu shikamooni.

Nina tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 90, upana wa 35 na kina cha 40, ambalo nikitoa nafasi ya mchanga, mawe na sehemu ya juu nisiyoijaza, hubaki na takriban lita 105 za maji. Nyuma nimepanda valisineria, katikati kriptokorini, na kwenye gogo nimefunga anubia tatu kwa uzi. Samaki ni gapi na zebra wachache. Miezi miwili iliyopita niliweka kando chujio langu dogo la sponji lililokuwa likisukumwa na pampu ya hewa, nikanunua chujio la nje, yaani ule mkebe unaokaa chini ya meza na kuunganishwa na tangi kwa mipira miwili. Boksi lake limeandikwa lita 1,000 kwa saa, na muuzaji alinihakikishia kwamba kubwa zaidi ndilo bora zaidi.

Maji yanarudi tangini kupitia mdomo mmoja ulioko pembe ya kulia, nayo yanatoka kwa nguvu kiasi kwamba valisineria zote zimelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa, mchanga ulio mbele ya mdomo umechimbika hadi kioo cha chini kinaonekana, na gapi wenye mikia mirefu wanashinda wamejibanza nyuma ya gogo. Kinachonishangaza ni kwamba nyuma ya gogo hilohilo maji hayatembei hata kidogo: uchafu unatua hapo, na pembe ya kushoto imeota utando wa kijani unaoelekea buluu, wenye harufu ya tope la mikoko.

Nilifunga nusu ya koki iliyo kwenye mpira wa kurudisha maji, na kwa siku nne nikadhani nimepata dawa. Siku ya tano nilipoamka alfajiri na kuwasha taa, niliwakuta samaki wote wamepanda juu wakihema, na uso wa maji umefunikwa utando unaong'aa kama mafuta ya mchuzi uliopoa. Nikaifungua koki yote, samaki wakatulia, mimea ikalala tena.

Niongeze kwamba mimea yangu naipa kabondayoksaidi kutoka kwenye chupa ya lita 2 yenye sukari na hamira, na niliwahi kusoma kwamba uso wa maji ukitikisika sana gesi hiyo hutoroka. Kwa hivyo nimekwama katikati: nikitikisa maji napoteza gesi, nisipotikisa samaki wanakosa pumzi. Je, niliuze chujio hili nitafute dogo, au kuna namna ya kulituliza?

Mzee wa Mikindani

Wa alaykum salaam mwanangu, marahaba. Usiliuze.

Unachanganya mambo mawili yanayokwenda pamoja lakini si kitu kimoja: wingi wa maji yanayopita katika chujio kwa saa, na kasi ya maji hayo yanapotoka mdomoni. Mimea yako haikulazwa na wingi. Imelazwa na kasi. Ulipofunga koki ulipunguza kasi, ni kweli, lakini ulipunguza na wingi, na wingi ndio uliokuwa ukiwapelekea oksijeni bakteria wanaoishi ndani ya sponji na kuvunja taka za samaki, na kuupasua ule utando wa juu. Ndiyo maana ulipona maradhi mamoja ukapata mengine.

Kabla ya lolote, pima. Namba iliyo kwenye boksi kwa kawaida ni ya pampu isiyo na sponji wala mawe ya kauri ndani yake, na mkebe ukishajazwa vitu hivyo, halafu vikashika uchafu wa mwezi mmoja, unaweza kupata nusu tu ya ulichoandikiwa. Chukua ndoo ya lita 10, elekeza mdomo wa kurudisha maji ndani yake, na uhesabu sekunde hadi ijae. Kisha gawanya 36,000 kwa sekunde hizo, jibu ni lita kwa saa. Hapa wengi hukosea: wanaiweka ndoo sakafuni. Ukifanya hivyo maji yanateremka yenyewe kama unavyonyonya petroli kwa mpira, na utapata namba tamu isiyo ya kweli. Ndoo ishikwe juu, usawa wa uso wa maji ya tangi, hata kama itabidi umwite mtu akusaidie kuibeba.

Kwa tangi lenye mimea, wafugaji wengi hupendelea maji yote yapite katika chujio kati ya mara 4 na 6 kwa saa, na wanaotumia taa kali na gesi nyingi hufika mara 10. Kwako wewe lita 420 hadi 630 zinatosha kabisa. Sitashangaa ukikuta kwamba chujio lako "kubwa mno" liko ndani ya kipimo hicho hicho.

Sasa tuseme unapata lita 600 kwa saa, na tundu la mdomo wako lina kipenyo cha milimita 12. Eneo la tundu hilo ni kama milimita mraba 113, kwa hivyo maji yanatoka kwa kasi inayokaribia mita moja na nusu kwa sekunde, ambayo ni kasi ya mtu anayewahi feri. Jani gani litasimama mbele ya hiyo? Yachukue maji hayo hayo uyapitishe katika bomba lililotobolewa matundu 20 ya milimita 4: jumla ya eneo inakuwa milimita mraba 251, na kasi inashuka chini ya nusu, ilhali hujapoteza hata lita moja. Tena mkondo mwembamba huchoka haraka. Ule wa tundu kubwa husafiri mbali ukiwa bado na nguvu zake, bali hii midogo hupoa baada ya shibiri moja.

Bomba hilo lilaze kwenye kioo cha nyuma, kwa urefu wa tangi, na matundu yatazame kioo cha mbele. Usiliweke kwenye ubavu mfupi. Maji yatavuka zile sentimita 35, yatagonga kioo cha mbele, yatashuka, kisha yatarudi nyuma yakiambaa juu ya mchanga na kusukuma uchafu kuelekea kwenye mdomo wa kunyonya, ambao ningependa uuhamishie pembe ile ile ya kushoto inayonuka. Kinachotakiwa ni mzunguko wa polepole unaofika kila mahali, kwa sababu kabondayoksaidi husambaa yenyewe ndani ya maji kwa mwendo ulio pungufu takriban mara 10,000 kuliko hewani. Jani lililo katika maji yaliyotuama hujizungushia utando wa maji lililokwisha kuyanyonya gesi, likabaki na njaa ingawa chupa yako inatoa mapovu mchana kutwa. Ukiona ncha za majani zinayumba taratibu kama makuti wakati wa matlai, umefika.

Ama kuhusu gesi na pumzi, huo mgongano ni mdogo kuliko unavyodhani, ila unabadilika mchana na usiku. Mchana mimea inatumia gesi na kutoa oksijeni, kwa hivyo matundu yaelekee mbele, sentimita mbili chini ya uso, na juu yaonekane viwimbi tu bila kuruka wala kutoa povu. Usiku mimea nayo inavuta oksijeni kama samaki, na chupa ya hamira haina swichi, inaendelea kumimina gesi isiyo na mtumiaji. Kumbuka pia mahali tunapoishi. Maji yenye nyuzi 25 huweza kushika takriban miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita; yakifika nyuzi 30, ambazo katika kaskazi si jambo geni humu majumbani mwetu, hushika kama 7.6 tu, na samaki katika joto hilo huhitaji pumzi zaidi, si pungufu. Kwa hiyo lile chujio lako la sponji uliloliweka kando lirudishe, liwe linawaka taa zikizimwa na kuzimwa taa zikiwashwa. Mapovu yake yatapasua uso wa maji na kuifukuza gesi ya ziada, na asubuhi hutawakuta samaki wakihema.

Fundi wa Changamwe

Nakubaliana na Mzee karibu yote, ila nina masahihisho mawili ya kifundi.

La kwanza ni kuhusu bomba. Ukitumia bomba lenye upana sawa na mpira wa milimita 12, halafu ukalitoboa matundu yenye jumla ya eneo kubwa kuliko bomba lenyewe, maji hayatagawanyika sawasawa. Utakuta baadhi ya matundu yanapiga kwa nguvu, mara nyingi yale ya mwisho karibu na kifuniko, na mengine yanatiririka kivivu tu. Bomba la kusambazia liwe pana kuliko jumla ya matundu yake. Nunua bomba la plastiki la maji la robo tatu inchi, ambalo ndani lina kama milimita 20, sawa na milimita mraba 314, na hapo matundu 20 ya milimita 4 yatapata haki sawa. Toboa kwa keekee, na kila tundu lisuguliwe kwa msasa hadi lisiwe na kovu. Msumari uliopashwa moto unaacha midomo iliyovimba, na maji yatakwenda upande unaoutaka msumari badala ya unaoutaka wewe. Vifuniko vya mwisho visigundishwe kwa gundi. Vibane kwa mkono tu, ili uweze kuvivua ukasafisha ndani kwa brashi, na uweze kulizungusha bomba zima juu au chini unapotaka kubadilisha mwelekeo.

La pili ni koki. Ikikulazimu kupunguza maji, punguza upande wa kurudisha, kama ulivyofanya, na usiguse kamwe upande wa kunyonya. Pampu ya namna hii ikibanwa mbele inafanya kazi pungufu bila kudhurika, lakini ikinyimwa maji nyuma inaanza kuvuta hewa kupitia viungo, na utasikia kelele kama kokoto ndani ya kopo. Kelele hiyo ukiisikia bila ya kugusa koki, uinamishe mkebe kidogo kushoto na kulia hewa itoke, halafu angalia kama mrija wa gesi yako hauko karibu na mdomo wa kunyonya, kwa maana mapovu ya hamira yakiingia humo hujikusanya juu ya mkebe na kuikaba rafadha, yaani kile kigurudumu chenye mapanga kinachozunguka ndani ya pampu na kusukuma maji.

Tukiwa kwenye rafadha: unatumia maji gani? Maji mengi ya visima vya kisiwani Mombasa, vilivyochimbwa katika mwamba wa matumbawe, yana chokaa nyingi, na chokaa hiyo hujenga ganda jeupe juu ya kile kijiti cha kauri kinachoishikilia rafadha na ndani ya tundu lake. Chujio linapungua nguvu wiki kwa wiki, mwenyewe hujui, kisha siku umeme ukikatika na kurudi haliwaki tena. Itoe rafadha, iloweke katika siki nyeupe kwa nusu saa, isugue kwa mswaki wa zamani, isuuze vizuri. Kijiti hicho huvunjika kama chaki, kwa hiyo kisivutwe kwa koleo.

Na kwa kuwa nimeutaja umeme: ukikatika kwa muda mfupi usiwe na wasiwasi, lakini ukikaa saa nyingi, usiliwashe chujio moja kwa moja. Maji yaliyofungiwa ndani ya mkebe yamekwisha oksijeni, bakteria wameanza kufa, na ukiyasukuma tangini unawapa samaki sumu. Fungua mkebe, unuse. Ukisikia harufu ya mayai viza mwaga maji hayo yote, suuza sponji katika ndoo ya maji ya tangi, ndipo uwashe. Usizisuuze kwa maji ya bomba yenye klorini, kwa sababu utamalizia wale bakteria walionusurika.

Bi Mkubwa wa Kibokoni

Mafundi mmesema, nami nitasema la mama wa nyumbani aliyefuga samaki tangu kina baba wenu hawajaoa.

Kijana, kabla hujanunua mabomba, lisogeze hilo gogo. Umelilaza likikata tangi katikati kama ukuta, kisha unauliza kwa nini nyuma yake hakufiki maji. Liweke liwe sambamba na mkondo, ncha yake nyembamba ikitazama mdomo wa chujio, na nusu ya shida yako itaondoka bila ya senti. Halafu kata kipande cha sponji safi, kitoboe katikati, ukivishe kwenye mdomo huo kama kofia. Kasi itavunjika papo hapo. Mimi nimetumia kofia hiyo kwa samaki wangu mpiganaji, ambaye mapezi yake ni kama buibui la hariri na hawezi kushindana na mkondo wowote, na anaishi kwa raha. Sharti lake ni moja, kuikamua kila baada ya siku tatu, kwani ikiziba ni sawa na kufunga koki.

Wala sikubali kwamba kila pembe lazima itikisike. Samaki nao wanahitaji kivuli cha mkondo, mahali pa kupumzika, hasa gapi wazazi na vitoto. Panga mimea kwa tabia yake badala ya kuupanga mkondo kwa ajili ya mimea yote. Anubia asili yake ni vijito vya Afrika Magharibi na Kati, imezoea kushikilia jiwe maji yakiipita juu. Hiyo ndiyo ya kukaa karibu na mdomo. Kriptokorini iache nyuma ya jiwe. Huo utando unaonuka uvute kwa mrija unapobadilisha maji, usiuchambuechambue kwa vidole ukatawanyika.

Kijana wa Tudor

Shukrani zangu kwenu nyote, na Bi Mkubwa shikamoo. Nimekawia kujibu kwa sababu nilitaka kurudi na namba.

Nilimshikisha mdogo wangu ndoo usawa wa tangi, akalalamika mpaka mwisho. Koki ikiwa nusu, kama nilivyokuwa nimeiacha siku zile, ndoo ya lita 10 ilijaa kwa sekunde 150, yaani lita 240 kwa saa, ambazo kwa tangi langu ni mara mbili na kidogo tu. Koki ikiwa wazi yote ilikuwa sekunde 84, yaani lita 428. Kisha nikaifungua rafadha. Fundi, ni kama ulikuwa umesimama nyuma yangu: kijiti kilikuwa na ganda jeupe lenye unene wa ukucha, maana maji yangu huchanganywa na ya kisima cha msikitini. Baada ya siki na kusuuza sponji, ndoo ilijaa kwa sekunde 58, sawa na lita 620. Kumbe chujio nililotaka kuliuza kwa kuwa lina nguvu mno lilikuwa limekwisha kupoteza karibu theluthi ya nguvu zake.

Bila shaka hapo mimea ilizidi kulala, kwa hiyo nilianza na ushauri wa Bi Mkubwa kwa kuwa haukuwa na gharama. Gogo nililigeuza na utofauti ukaonekana siku hiyo hiyo, lakini kofia ya sponji niliisahau kwa wiki moja ikaziba, na utando wa mafuta ukarudi juu ya maji. Kosa ni langu. Ndipo nikaenda kwenye duka la vifaa vya ujenzi nikanunua bomba la robo tatu inchi, nikalikata sentimita 80, na kutoboa matundu 20 kila baada ya sentimita 4.

Leo ni siku ya kumi na mbili. Nilisaga chakula cha samaki kikawa unga, nikakitia upande wa nyuma nikakitazama: kilikwenda hadi kioo cha mbele, kikashuka, kikarudi chini ya gogo na kuishia kwenye mdomo wa kunyonya, ambao sasa uko pembe ya kushoto. Shimo la mchanga limejaa lenyewe. Gapi wamerudi mbele. Chujio la sponji linawaka usiku, na alfajiri samaki wako chini wamelala. Utando wa kijani niliuvuta mara mbili na umerudi mdogo sana, wa ukubwa wa shilingi.

Limebaki moja. Valisineria sasa zinainama kuja mbele, na zile ndefu zimelala juu ya uso wa maji zikiitia kivuli kriptokorini. Nizikate?

Mzee wa Mikindani

Usizikate katikati ya jani, kwani mara nyingi jani lililokatwa huoza kuanzia kwenye kidonda. Yale marefu kupita kiasi yang'oe mojamoja kutoka shinani, matatu au manne kwa kila mche, na mengine uyaache. Zimekuwa zikijikunja kwa miezi miwili na zitachukua muda kunyooka. Ukiona bado zinalala sana, lizungushe bomba matundu yatazame juu kidogo zaidi, nafasi ya unene wa kidole tu, kisha uyatazame maji siku mbili kabla ya kuligusa tena.

Bi Mkubwa wa Kibokoni

Marahaba mwanangu. Na hiyo kofia ya sponji usiitupe, ivishe mdomo wa kunyonya, kabla vitoto vya gapi havijaanza kupotelea humo.